Rasimu kwenye daftari, usahihishaji kwenye kompyuta
Ndugu, umeuliza riwaya uiandike daftarini au moja kwa moja kwenye kompyuta. Anza na daftari, lakini la kurasa 96, si kaunta buku nene. Likipotea, hasara si kubwa. Andika ukurasa wa kulia tu, wa kushoto uache kwa masahihisho. Kila ukurasa utie namba na tarehe, la sivyo baadaye hutajua kipande kipi kilitangulia. Bolpeni yatosha, wino wa maji huchafuka kwa jasho la kiganja. Chapa kwenye kompyuta kila wiki ulichoandika, usingoje daftari lijae, maana mwandiko wa haraka hata mwenyewe humshinda kuusoma. Faili lipe jina lenye tarehe, na nakala ikae kwenye flashi, mbali na kompyuta.