Re: Miaka 3 meneja miradi, mshahara uko palepale

Mkuu umeuliza ufanyeje maana miaka 3 unasimamia miradi ya wateja hapo ejensi na nyongeza hakuna. Kwanza usiende kwa bosi na hoja ya kuwa kazi ni nyingi, kila mtu hapo kazi zimemzidi. Ejensi inauza masaa ya kazi ya timu yake kwa wateja, kwa hiyo nenda na masaa mkononi: mfano mradi ulikadiriwa masaa 200 ukaisha kwa 240, hayo 40 ofisi imeyabeba yenyewe, sasa we onyesha miradi uliyomaliza ndani ya bajeti, na zile kazi za ziada za mteja za "niongezee kidogo tu" ambazo ulimwandikia mteja makadirio mapya akalipia badala ya timu kuzifanya bure. Mi nilikuwa naziandika kwenye Excel kila Ijumaa, makadirio, yaliyotumika, ziada iliyolipwa, na siku nimeiweka mezani maongezi yalibadilika kabisa. Ila wahi kabla bajeti ya mwaka haijafungwa. Cheti cha PMP, kile cha kimataifa cha usimamizi wa miradi, nacho kizuri (kama una digrii kinataka uzoefu wa miezi 36 wa kuongoza miradi), ila kwa bosi wako wa sasa naona hizo namba zina nguvu zaidi. Akikataa, omba aandike anataka nini na mnakaa tena lini, akikwepa na hilo anza kutuma CV.