Kufuta mafaili pekee hakutoshi

Dada wa Ngamiani, umeuliza kama kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka kunatosha kabla ya kuuza laptop yako ya Windows hapo Tanga mjini. Hakutoshi, tafadhali usiiuze hivyo. Ukifuta faili, kompyuta huihesabu tu nafasi yake kuwa tupu. Kwenye diski za zamani za kuzunguka (HDD) hasa, picha za wanao na nakala ya kitambulisho chako bado zimo, na zipo programu za bure za kuzifufua.

Kwanza nakili vitu vyako kwenye diski ya nje, kisha vifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe vinafunguka. Wengi huruka hatua hii, wakalia baadaye.

Chomeka chaja na uhakikishe betri imejaa, maana umeme wetu unaujua. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Recovery", bonyeza "Reset this PC", halafu "Remove everything". Usiharakishe hapo! Fungua "Change settings" uwashe "Clean data"; bila hiyo usafi ni wa juu juu. Diski ya zamani huchukua saa nyingi, kwa hiyo ianzishe usiku.

Leseni ya Windows isikutie hofu. Kwa kawaida imefungamana na mashine yenyewe, na Windows itajiwezesha yenyewe ("activate") ikipata intaneti.

Laptop ikimaliza kujisafisha na kukuuliza nchi na lugha, izime hapo hapo, mnunuzi aendelee mwenyewe. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, uiondoe laptop hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako.