Swali la msomaji: Mashine ya theluji ya zamani inagoma kukata kushoto, nianzie wapi kuifufua?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimepata mashine ya zamani ya kutembea kwenye theluji, Thiokol Spryte ya miaka ya 60, ile yenye cheni mbili pana na leva mbili badala ya usukani. Imelala bandani miaka mingi. Injini ni Ford silinda sita, nimeipa petroli kidogo kwenye kabureta ikashika, nikaisogeza mpaka nje. Nikivuta leva ya kulia inakata kona, ila ya kushoto hata niivute mpaka mwisho inaenda moja kwa moja. Mikanda ya cheni ina nyufa. Nataka kuifufua mwenyewe nyumbani, gereji yangu inaingia gari moja na vifaa nilivyonavyo ni vya kawaida. Nilikuwa nafikiria nifungue injini kwanza, nipige rangi, haya mengine yafuate. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kuiokoa hiyo mashine. Ila huo mpangilio wako naomba uugeuze wote. Injini iache kwanza, na rangi usiifikirie kabisa saa hizi. Hiyo Ford ni injini ya gari la kawaida, mafundi wanaoijua wapo, spea zipo, na kama imeshika kwa petroli kidogo basi hata ikiwa imechoka haitakukwamisha. Kinachoamua kama mashine hii itatembea au itabaki pambo ni vitu viwili vilivyo chini ya sakafu, difu (sanduku la gia linalogawa nguvu ya injini kwa cheni mbili) na cheni. Watu wengi wanamaliza hela na hamu yote kwenye injini na bodi, halafu wanakuja kufungua difu wakati mfuko umeshakauka, mashine inaishia hapo hapo inang'aa lakini haikati kona.

Sasa nikueleze hiyo difu maana ndo penye tatizo lako. Difu ya gari la kawaida ukizuia tairi moja lile jingine linakimbia mara mbili. Ya kwako sio hivyo, ni ya ukoo wa zile za Cletrac, kampuni ya matrekta ya cheni iliyokuwa Cleveland, Marekani, na mfumo wa aina hiyo hiyo ndo uliotumika hata kwenye kifaru cha Sherman wakati wa vita kuu ya pili. Ndani kuna gia za ziada zilizounganishwa na dramu mbili, moja kila upande, na kila dramu imezungushiwa bendi ya breki. Ukivuta leva ya kushoto bendi inabana dramu ya kushoto, hapo cheni ya kushoto inapunguza mwendo na ya kulia inaongeza kwa kiasi kile kile, kwa hiyo mashine inageuka huku cheni zote mbili bado zinasukuma. Ndo maana haizunguki pale pale iliposimama, na usije ukadhani huo ni ugonjwa, imetengenezwa hivyo ili isipoteze nguvu katikati ya theluji nzito.

Na hapa kuna jambo la usalama, tafadhali lishike: hizo leva mbili ndizo breki zako pia. Ukizivuta zote kwa pamoja mashine inasimama. Maana yake mashine yako kwa sasa haina breki kamili, hivyo usiiendeshe tena, hata kuirudisha bandani, mpaka hii kitu itengemae. Ikitakiwa kusogezwa, ivutwe polepole na kitu kizito chenye breki zake, gia ikiwa huru.

Kabla hujafungua hata bolti moja ya difu fanya kipimo hiki, hakihitaji kifaa chochote cha ajabu. Nyanyua mashine kwa jeki, iweke juu ya magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, jeki peke yake usiiamini kabisa. Legeza cheni na uzitoe. Injini ikiwa imezimwa na swichi imetolewa, ingiza gia ya kwanza, halafu zungusha sproketi (gurudumu lenye meno linalosukuma cheni) ya upande mmoja kwa mkono. Ya upande wa pili inatakiwa izunguke kinyume chake. Hiyo inakuambia gia za ndani zimeshikana na hakuna shafti iliyokatika. Kisha mwombe mtu avute leva ya kulia mpaka mwisho huku wewe unajaribu tena kuzungusha, sproketi zote mbili zinatakiwa zigome kabisa. Rudia kwa leva ya kushoto. Kwa maelezo yako natarajia kulia itagoma na kushoto itazunguka, na hapo unakuwa umejua kwa uhakika kwamba gia zako ni nzima, ugonjwa upo kwenye bendi ya kushoto au kwenye njia ya kutoka kwenye leva kwenda kwenye hiyo bendi.

Anza na hiyo njia maana ni bure. Fuata leva mpaka inapoingia kwenye difu, angalia pini zilizolika, matundu yaliyopanuka yakawa kama yai, fimbo iliyopinda, na nati ya kurekebishia bendi. Mara nyingi miaka inapita watu wanaendesha tu bila kukaza, bendi inalika taratibu, mwisho leva inafika ukomo wake kabla bendi haijagusa dramu. Kaza kidogo kidogo huku ukipima, na vipimo vya mchezo wa leva, yaani umbali inaotembea kabla haijabana, vifuate kitabu cha mashine hiyo, usibuni. Ukikaza kupita kiasi bendi itakuwa inasugua muda wote, difu itachemka na utaichoma.

Kama marekebisho yameisha na bado haishiki, mwaga oili ya difu, tena imwage kwenye beseni safi uitazame vizuri. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, na kwa mashine iliyolala miaka mingi hilo ni jambo la kawaida sana. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, bendi imeteleza muda mrefu. Pitisha sumaku: ule unga laini wa kijivu usikutishe, lakini vipande vya chuma vyenye kona vinamaanisha difu lazima ifunguliwe yote. Angalia pia ni oili gani mtu wa mwisho aliweka. Bendi hizi zinafanya kazi zikiwa ndani ya oili, na oili nzito ya difu ya gari yenye kemikali za kulinda meno ya gia inaweza kuzifanya ziteleze hata zikiwa mpya. Weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu, hata kama muuza duka anakuambia hii ni bora zaidi.

Bendi zikiwa zimelika sio mwisho wa dunia. Angalia kama unaweza kuzitoa kupitia kifuniko bila kushusha difu nzima, halafu zipeleke kwa watu wanaobandika laini za breki, lile tabaka linalosugua dramu, na uwaambie wazi kabisa kwamba hizi zinafanya kazi ndani ya oili, laini ya breki kavu haitafaa. Peleka zote mbili hata kama kulia inashika, usipofanya hivyo mashine itakuwa inakata kwa nguvu upande mmoja na kwa kusuasua upande mwingine na mkono wako hautazoea. Laini za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, kwa hiyo usizipulize na kompresa wala kuzipiga msasa, zifute zikiwa zimelowa, vaa kinga ya pua inayostahili.

Tuje kwenye cheni. Cheni yako ni mikanda ya mpira yenye nyuzi za kitambaa ndani, na vyuma vya kukanyagia vimefungwa kwa bolti kukatiza mikanda hiyo. Sasa nyufa ziko za aina mbili. Zile ndogo ndogo za juu zilizoletwa na jua na umri, mkanda unaweza kuishi nazo. Chunguza kwenye matundu ya bolti na kwenye kingo: ukiona nyuzi zimechomoza, au tabaka za mkanda zimeachana na unaweza kuingiza bisibisi katikati, au tundu limevutika, huo mkanda umekufa na usijaribu kuupa maisha kwa gundi. Ukikatika uko mbali kwenye theluji hapo hakuna wa kukusaidia, utarudi kwa miguu kwenye baridi.

Habari njema ni kwamba mkanda wa kubebea mizigo wa viwandani, ule unaotumika kwenye migodi na maghala, unafanya kazi hii ukipata unene na idadi ya tabaka inayolingana na wa zamani. Kazi kubwa ni matundu. Tengeneza kiolezo cha chuma, toboa kwa kufuata hicho hicho kuanzia mwanzo mpaka mwisho, usipime tundu moja moja kwa tepu maana kosa dogo likijirudia kila tundu mwishoni mkanda mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake na cheni itakuwa inapanda juu ya sproketi kila ukikata kona. Vyuma vilivyopinda vinyooshe kwenye presi. Bolti za zamani zikate zote, weka mpya, ni nyingi na zinachosha lakini hapa usibane matumizi.

Cheni zikiwa nje ndo wakati wa kushughulikia magurudumu, toa kila beringi, osha, kagua, jaza grisi mpya na sili mpya. Hayo magurudumu ni ya tairi za upepo, kwa hiyo ukitaka kurudisha cheni punguza upepo kwanza, itaingia bila kupigana nayo. Hakikisha pia gurudumu la mbele na sproketi viko kwenye mstari mmoja, kamba iliyovutwa inatosha kukuonyesha.

Injini sasa, kwa ufupi. Mwaga petroli yote ya zamani na uoshe tangi, fungua kabureta, badilisha pointi na plagi, pima kompresheni ya kila silinda, na kama zinakaribiana funga usiiguse zaidi. Kagua bloku kama ina ufa, maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na mashine iliyoachwa na maji matupu ndani huwa inapasuka. Ukijaza, changanya kizuia kuganda nusu kwa nusu na maji, hapo unalindwa mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ekzosi ikague kwa makini kuliko kitu kingine chochote kwenye injini, kwenye kabini iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi moshi unaua bila kutoa harufu kali.

Halafu nakuomba sana, usiiongezee uzito. Mashine hizi zinaelea juu ya theluji kwa sababu zinakanyaga kwa mgandamizo mdogo kuliko mguu wa mtu aliyesimama. Ukiweka injini kubwa ya V8, sakafu ya bati nene na bampa la chuma unaharibu kile kitu chenyewe kilichoifanya iwe na thamani. Sakafu ikiwa imeoza kata, weka bati la unene ule ule, acha matundu ya kutolea maji maana theluji inayeyuka ndani kila siku. Kama ina mlango wa dharura kwenye paa usiuzibe, uko pale kwa ajili ya siku barafu ya ziwa itakapoachia. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi ndani, ambayo ni sumu, usiisage kavu humo gereji, hasa kama nyumba ina watoto.

Safari ya kwanza ifanye kwenye nyasi au udongo laini wenye unyevu, sio lami wala kokoto, sehemu ngumu inakula mpira na inailazimisha difu kupita kiasi kila ukigeuka. Nenda mwendo mfupi, simama, weka mkono kwenye kila kitovu cha gurudumu, kinachochoma beringi yake imekazwa sana au imekufa. Kaza tena bolti zote za cheni siku hiyo hiyo maana mkanda mpya unajibana. Ila kwanza fanya kile kipimo cha sproketi, kisha niandikie leva ya kushoto imejibu nini na oili imetoka rangi gani, nikuambie kama ufungue kifuniko au ushushe difu nzima.