Jibu: Kichujio cha grafini cha maji ya bahari, usilipe kabla hujauliza bar

Mkuu usitume hiyo hela! Umesema kuna mtu anakuuzia kichujio cha grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja), kinageuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, unataka kukifunga na sola kwenye nyumba yako ya wageni hapo Pangani. Mimi nilinunua cha namna hiyohiyo kwa ajili ya Mafia. Milioni nne na ushee, hazijarudi mpaka leo.

Amekwambia pampu inasukuma bar ngapi, yaani kile kipimo cha shinikizo? Maana lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, na chumvi hiyo imeyang'ang'ania maji kwa nguvu ya bar 27 hivi. Chini ya hapo utando wa kweli, ile ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi, haukupi hata tone. Mitambo ya bahari inasukuma bar 55 mpaka 70. Pampu yangu ilikuwa ya bar 8! Na maji yalitoka tele, meupe kama kioo. Wingi ule ndio ulionidanganya. Ningekuwa najua, ungenishtua, kwa sababu maji yakipita kirahisi hivyo basi na chumvi imepita nayo. Kipimo changu cha kalamu cha kupimia chumvi kwenye maji kinaishia miligramu 9,990 kwa lita, kiligoma kusoma. Mpishi akainjika wali bila kutia chumvi, mgeni akaonja kijiko kimoja akasukuma sahani.

Yule muuzaji alinifanyia majaribio kwa maji ya bomba. Ya bomba! Akanywa glasi nzima mbele yangu huku anatabasamu, nami nikaamini. Huo ni wizi, sina neno jingine. Tena anajificha nyuma ya utafiti wa watu: ni kweli mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha utando wa oksidi ya grafini ukizuia chumvi ya kawaida, ila hiyo ni maabara. Mitambo mingi inayonywesha watu maji ya bahari leo ni ya utando wa poliamidi, aina ya plastiki, na hata huo wa grafini ukifika sokoni, zile bar 27 zitakuwa palepale.

Mpigie sasa hivi, uliza bar tu. Akitaja chini ya 50 au akianza habari za nano, kata simu. Akitaja 60, mwambie aje nayo, ndoo ya maji uchote mwenyewe baharini, na hela ibaki mfukoni mpaka umeonja.