Maswali Yenu: Ujumbe wa Kompaila Ufike Mzima

*Shikamoo Mwalimu. Najenga kompaila ndogo, yaani programu ya kutafsiri msimbo, kwa lugha ya C. Mwenzangu aliyepitia msimbo wangu ameniambia niache kutumia printf (funksheni ya kuchapa ya maktaba ya C) kwenye ujumbe wa makosa, niandike taratibu zangu mwenyewe zinazoita write (wito wa mfumo wa uendeshaji wa kuandika baiti) moja kwa moja. Naona ni kujitafutia kazi. Printf ina kosa gani?*
— Msomaji anayeanza

Marahaba mwanangu. Printf ni chombo kizuri, nami naitumia kila siku. Lakini jiulize kompaila husema lini. Husema pale mambo yalipoharibika: kumbukumbu imekwisha, mti wa sintaksia (muundo wa msimbo uliosomwa) umevurugika, au ishara ya SIGSEGV (ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) imeikatiza programu katikati ya kazi. Hapo ndipo mtumiaji anapoyahitaji maneno yako, na ndipo maktaba kubwa inapokosa kutegemeka. POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, ina orodha ya funksheni zinazoruhusiwa kuitwa ndani ya kishughulikia ishara, yaani funksheni inayoitwa ishara inapofika. Write imo, printf haimo. Huenda printf ilikuwa imeshika kufuli la bafa yake (kumbukumbu ya kukusanyia maandishi kabla ya kuyatoa) wakati ishara ilipofika. Ukiiita tena papo hapo, programu inajisubiri yenyewe na haitoki.

Sababu ya pili inanigusa zaidi, kwa kuwa inahusu maandishi ya watu wengine. Mstari unaouonyesha kwenye ujumbe wa kosa umetoka kwa mtumiaji, na hujui ameandika nini. Ukiandika printf(mstari), kila alama ya asilimia iliyomo inageuka kuwa amri: %s inasoma kumbukumbu isiyokuwepo, %n inaandika kwenye kumbukumbu. Utaniambia utatumia "%s" daima. Vema, lakini kipande cha msimbo chanzo ndani ya kompaila kwa kawaida ni kielekezi (anwani ya mahali kinapoanza kwenye kumbukumbu) na urefu, hakina baiti ya sifuri mwishoni. Kuna %.*s kwa kazi hiyo, nayo inadai urefu wa aina ya int na inasimama ikikutana na baiti ya sifuri, hata kama mstari unaendelea. Faili lenye baiti ya sifuri katikati ndilo hasa ungetaka kumwonyesha mwenye nalo.

Kwa hiyo mwenzako yuko sahihi, na kazi yenyewe si kubwa. Unahitaji taratibu tatu za chini, na nyingine zote zisimame juu yake.

Ya kwanza inapokea kielekezi na urefu, inanakili baiti kwenye bafa iliyotengwa tangu programu inaanza. Baiti 4096 zinatosha, na usiombe kumbukumbu kwa malloc, maana huenda kukosekana kwa kumbukumbu ndiko unakotangaza. Bafa ikijaa, au ujumbe ukikamilika, unaimwaga kwa write kwenye namba ya faili 2, yaani mkondo wa makosa. Hapa wengi hupita haraka mno. Write hurudisha idadi ya baiti zilizoandikwa, na idadi hiyo inaweza kuwa pungufu kuliko uliyoomba. Sogeza kielekezi, ita tena, mpaka ziishe. Ikirudisha -1 na errno (namba inayotaja sababu ya kushindwa) ni EINTR, ishara imeikatiza: rudia. Ikiwa ni EAGAIN, kuna programu nyingine inayoshirikiana nawe teminali na imeiweka katika hali ya kutosubiri: tumia poll kusubiri iwe tayari, kisha rudia. Kosa jingine lolote, kama EPIPE (msomaji wa towe ameondoka) au ENOSPC (nafasi imekwisha), acha kuandika, weka alama kwamba towe limeshindikana, na uhakikishe kompaila inamaliza kwa hali isiyo sifuri. Kwenye Linux jaribu kuelekeza towe kwenye /dev/full: kila uandishi utashindwa kwa ENOSPC, nawe utaona programu yako inafanya nini.

Ya pili inaandika namba. Unagawa kwa 10 na tarakimu zinatoka kinyume, basi jaza bafa ndogo kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Namba kubwa kuliko zote ya biti 64 isiyo na alama, 18446744073709551615, ina tarakimu 20. Ongeza nafasi moja ya alama ya kutoa. Angalia -9223372036854775808: huwezi kuigeuza iwe chanya ndani ya aina ileile, kwa sababu chanya yake haiingii. Igeuze kwanza iwe ya aina isiyo na alama, kisha itoe kwenye sifuri. Mtumiaji wa kompaila ataandika namba hiyo siku moja, hakika.

Ya tatu inaandika maandishi ya mtumiaji kwa usalama. Nitaieleza kwenye swali linalofuata, maana zinakwenda pamoja.

*Mwalimu, alama ya ^ ninayoiweka chini ya mstari wenye kosa hukaa sawasawa kwenye mistari mingi, lakini kwenye mingine inakimbilia kulia au kushoto. Nahesabu baiti toka mwanzo wa mstari, kisha naandika nafasi tupu kwa idadi hiyohiyo.*
— Msomaji mwenye macho yanayouma

Pole. Alama hiyo ina historia ndefu: kompaila za Pascal za miaka ya 1970 ziliiweka chini ya mstari na pembeni yake namba ya kosa tu. Ukiona 104, ulifungua kitabu ukasoma kwamba jina halijatangazwa. Maneno tumeyapata baadaye, lakini alama imebaki, kwa kuwa jicho hulipata kosa kabla ya kusoma lolote. Ikikaa vibaya inampeleka mtu kuhariri pasipo na tatizo, afadhali isingekuwepo.

Baiti moja si nafasi moja kwenye skrini. Tab ni baiti moja inayoruka hadi kituo kinachofuata. Kwenye UTF-8, njia ya kuandika herufi kwa baiti, herufi moja inachukua baiti 1 hadi 4. Chukua tungo "ng’ombe" iliyoandikwa kwa kiapostrofi kilichopinda: macho yanaona herufi 7, faili lina baiti 9, kwa sababu kiapostrofi hicho ni E2 80 99. Alama yako itakwenda nafasi mbili kulia. Herufi za Kichina huchukua nafasi mbili kila moja, na alama zinazopandishwa juu ya herufi iliyotangulia hazichukui nafasi kabisa.

Njia ya haraka: unapoandika mstari wa alama, pitia baiti za mstari halisi moja moja. Ukikuta tab, andika tab. Ukikuta baiti ambayo biti zake mbili za juu ni 10, iruke, maana ni mwendelezo wa herufi iliyoanza. Nyingine zote, andika nafasi tupu. Hiyo itakutibu maumivu mengi, ili mradi mistari yote miwili ianze na upana uleule wa namba za mistari pembeni.

Lakini ninakusihi uende mbali zaidi, kwa sababu ya usalama; hapa ndipo utaratibu wa tatu niliouahidi unapoingia. Maoni ndani ya msimbo yanaweza kubeba baiti 27, ESC, nayo teminali huitii: inaweza kufuta skrini au kubadili rangi. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha shambulio waliloliita Trojan Source, ambapo herufi zisizoonekana za kugeuza mwelekeo wa maandishi zinamfanya msomaji aone msimbo tofauti na ule kompaila inaousoma. GCC 12 ilileta onyo lake, -Wbidi-chars. Ukiurudisha mstari huo kwenye ujumbe wako jinsi ulivyo, umeshiriki udanganyifu. Herufi kama hizo ziandike waziwazi, kwa mfano <U+202E>.

Sasa umeona tatizo jipya: herufi moja imekuwa nafasi 8 kwenye skrini. Ndiyo maana utaratibu unaochapa mstari ndio huohuo unaopaswa kurudisha upana wa kila kipande ulichochapa. Upana usihesabiwe mahali pengine. Panapokuwa na hesabu mbili, siku moja zitatofautiana. Tab nazo zipanue mwenyewe ziwe nafasi tupu, hapo hutegemei teminali kwa lolote. Kwa upana wa herufi pana, beba jedwali lako. Wcwidth, funksheni ya C ya kupima upana wa herufi, inategemea mipangilio ya lugha ya mashine.

*Mwalimu, kwenye teminali mistari ya "Natafsiri faili..." na makosa hutoka kwa mpangilio. Nikielekeza vyote kwenye faili moja, makosa yanatangulia. Na nikiendesha kompaila kadhaa kwa pamoja, maneno yanaingiliana katikati ya mstari.*
— Fundi wa kujenga programu

Ni matatizo mawili. Mkondo wa kawaida humwagwa kila mwisho wa mstari ukiwa unakwenda teminali, lakini ukielekezwa kwenye faili husubiri bafa ijae. Mkondo wa makosa hausubiri. Basi mwaga wa kawaida kabla ya kuandika kosa, au upeleke mistari ya maendeleo kwenye mkondo wa makosa pia, ambako mimi naona ndiko kwake.

La pili linatokana na kuandika ujumbe vipande vipande: jina la faili kwa wito mmoja, namba kwa mwingine, maneno kwa wa tatu. Kompaila ya jirani inapenya katikati. Kusanya ujumbe mzima kwenye bafa, pamoja na mstari wa msimbo na alama yake, kisha umwage kwa write moja. Kwenye bomba (njia ya kupitisha towe la programu moja hadi nyingine), POSIX inahakikisha kwamba uandishi usiozidi PIPE_BUF hauingiliwi. Kiwango hicho ni baiti 512 kwa uchache, na Linux ni 4096. Ujumbe mrefu kuliko hapo hauna dhamana hiyo. Kwa ujumbe kama huo kuna --output-sync ya GNU make, programu ya kuendesha ujenzi, iliyokuja na toleo 4.0 mwaka 2013.

*Faili langu la kumbukumbu limejaa [31m na [0m. Nifanyeje?*

Hizo ni amri za rangi za teminali. Uliza isatty(2), yaani kama mkondo wa makosa ni teminali, mara moja programu inapoanza. Ikirudisha sifuri, usitoe rangi. Heshimu pia kigeu cha mazingira NO_COLOR, ambacho mtumiaji hukiweka kukataa rangi, na umpe chaguo la kulazimisha rangi ziwepo au zisiwepo.

*Mwalimu, nataka kompaila yangu iseme Kiswahili. Nimetafsiri "%s '%s' haijatangazwa", lakini inatoa "Kigeu 'x' haijatangazwa". Nimekwama.*
— Mpenzi wa lugha

Umenifurahisha sana kwa kujaribu. Kiolezo hicho kilifaa lugha isiyo na ngeli. Kwetu kigeu hakijatangazwa, funksheni haijatangazwa, muundo haujatangazwa, na kipande cha pili hakiwezi kuandikwa kabla ya kujua cha kwanza. Kubadili mpangilio wa hoja kwa %1$s na %2$s hakusaidii, kwani tatizo si mpangilio. Andika sentensi nzima kwa kila aina, iwe na nafasi ya jina peke yake, na uchague sentensi kwa namba ya aina. Jedwali litarefuka kidogo. Acha lirefuke. Wingi nao uwe na sentensi yake: "Kosa 1 limepatikana", "Makosa 3 yamepatikana".

Kwa jina lisilotangazwa, fikiri tena. Mara nyingi kompaila haijui kama x ilikusudiwa iwe kigeu au aina, maana haijaiona popote. "Jina 'x' halijatangazwa" ni sahihi kwa sarufi na ni kweli pia. Sehemu ya mbele, faili:mstari:safu, usiiguse wala usiitafsiri, kwani vihariri huisoma ili kumrusha mtu hadi mahali pa kosa. Amua tu kama safu ni baiti au nafasi ya skrini, na uandike uamuzi huo kwenye mwongozo. GCC yenyewe ilihesabu baiti hadi toleo la 11, ndipo ikahamia nafasi za skrini.