Ukienda kongamano la bioinfomatiki, beba tatizo lako na data zako

Swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa uzamili ni hili: "Dada, matokeo yangu hayajakamilika, kweli nitume ikisiri?" Tuma muhtasari huo wa kazi yako. Nasema hivyo kwa sababu bango la utafiti lililonisaidia kuliko yote niliyowahi kubandika mkutanoni lilikuwa na kosa katikati yake, na lau ningesubiri likamilike, kosa lile lingeingia kwenye tasnifu yangu na hakuna ambaye angelishtukia.

Ilikuwa Oktoba 2017, Entebbe, kwenye mkutano wa bioinfomatiki, yaani sayansi ya kuchambua data za viumbe kwa kompyuta, unaoandaliwa na chama cha Afrika cha fani hii, ASBCB, pamoja na chama cha kimataifa, ISCB. Mkutano huu huhama: ulianza Bamako mwaka 2009, ukaenda Cape Town 2011, Tunis 2013, Dar es Salaam 2015, Entebbe 2017, kisha Kumasi 2019. Wa Dar niliukosa nikiwa mji huohuo. Nilidhani ni wa watu wenye shahada tatu na kompyuta za mamilioni. Hilo bado linaniuma, kwa sababu safari ya kwenda ingekuwa nauli ya daladala tu.

Kilichonipa ujasiri ni kozi ya utangulizi ya mwaka 2016 ya H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika. Ilifundishwa kwa wakati mmoja katika vituo 20 vya nchi 10 za Afrika. Tulikaa darasani pamoja, tukatazama mihadhara iliyorekodiwa, kisha tukafanya mazoezi tukisaidiwa na walimu waliokuwa palepale. Kama hujawahi kugusa Linux, mfumo wa kompyuta tunaoutumia kazini, tafuta kwanza kozi ya namna hiyo. Mkutano haukufundishi alfabeti. Unakupa watu wa kuzungumza nao ukishaijua.

Kazi yangu ilikuwa mihogo. Wakulima wa Pwani wanaujua ugonjwa wa michirizi kahawia: majani yanaweza kuwa na manjano kidogo tu, mtu akaona shamba lake limesimama vizuri, kumbe mizizi chini ina mabaka magumu ya kahawia, hailiki wala haiuziki. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kule Amani, milima ya Usambara. Miaka 81 baadaye nilikuwa na majani kutoka mashamba ya Mkuranga, sampuli 12, na kazi yangu ilikuwa kusoma jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya kirusi kilichomo. Ni fupi, herufi zipatazo 9,000, ukilinganisha na bilioni tatu za binadamu.

Mashine ya kusomea haikupi jenomu nzima. Inakupa mamilioni ya vipande vidogo, vingi vikiwa vya muhogo wenyewe, na wewe unavipanga kwa kuvilaza juu ya jenomu ya rejea, yaani ile iliyokwisha kusomwa na kuhifadhiwa. Sampuli 9 zilijipanga vizuri. Tatu zilikataa. Kwenye grafu inayoonyesha vipande vimelala wapi, pale panapotakiwa kuwa na mlima mmoja mrefu kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, nilikuwa na visiwa: kipande hapa, bahari tupu, kipande kule. Nikaandika kwenye bango, kwa herufi ndogo, kwamba sampuli tatu zilikuwa na ubora duni. Nilikuwa nimekwisha kumlaumu moyoni kijana aliyehifadhi majani.

Sasa nije kwenye ushauri wenyewe. Usizionee aibu herufi ndogo. Nilikaribia kuziondoa kabisa grafu zile tatu ili bango lipendeze, na mwenzangu wa maabara ndiye aliyenishauri niziache. Watu waliosimama mbele ya bango langu jioni ile walizitazama zile tisa nzuri, wakasema hongera, wakapita. Aliyesimama muda mrefu alikuwa dada mmoja kutoka pwani ya Kenya. Hakuniuliza habari za zile tisa. Aliweka kidole kwenye kisiwa kimoja akasema kwa Kiswahili, "Mdogo wangu, hizi umezilaza juu ya rejea ipi?"

Nikamtajia.

"Na ile ya Uganda umeijaribu?"

Sikuijaribu. Ugonjwa huu una virusi viwili vinavyofahamika, kimoja kinabeba jina la ugonjwa wenyewe na cha pili kinaitwa cha Uganda, ingawa hata kwetu na Kenya kipo. Nilisoma hayo, nikayajibu kwenye mtihani, lakini nilipoandika amri kwenye kompyuta niliweka rejea moja tu. Virusi hivyo ni ndugu, ila herufi zao zinafanana kwa takribani asilimia 70, na programu ya kupanga vipande haivumilii tofauti kubwa kiasi hicho. Inashika sehemu chache zinazofanana sana na kuacha nyingine zote. Ndiyo maana visiwa. "Sampuli zako hazijaharibika," akaniambia. "Umezipima kwa rula ya ndugu yake."

Data zilikuwa kwenye diski ya mkononi, ndani ya mkoba wangu, na hapo ndipo nasisitiza: nenda nazo. Tulikaa kwenye meza ya chai, nikaifungua laptopu, akanitumia faili la rejea ya pili, ambalo ni dogo kuliko picha ya WhatsApp. Chini ya saa moja sampuli zote tatu zilikuwa na mlima mmoja mzima. Tukarudia zile 9 kwa rejea zote mbili pamoja, na moja ikaonekana kubeba virusi vyote viwili ndani ya jani moja. Hicho ndicho kilichokuja kuwa kiini cha tasnifu yangu.

Rejea ni jambo pana kuliko mihogo. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu na afya Afrika, walichapisha uchunguzi wa jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na jamii za Afrika, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimerekodiwa popote. Ukisoma cha kwenu kwa kipimo kilichotengenezwa kwingine, kilicho cha kwenu kinaweza kuonekana kama uchafu. Mwenye jicho la kuutambua "uchafu" huo mara nyingi ni jirani yako, anayepambana na kirusi hichohicho upande wa pili wa mpaka, na mikutano ya kanda ndiyo inayowakutanisha. Nimehudhuria mikubwa zaidi ng'ambo. Huko nilijifunza mbinu, lakini hakuna aliyeniuliza kuhusu rejea ya Uganda.

Mengine ni ya haraka. Omba ufadhili wa safari siku ileile unayotuma ikisiri, maana tarehe zake hufungwa mapema. Ikisiri yako ianze na swali, na iseme wazi ulipokwama. Pasi ya kusafiria isikaribie kuisha muda. Kwa Uganda, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi niliingia kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula na niliulizwa. (Taasisi ya utafiti wa virusi iliyopo Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa hiyohiyo, mwaka uleule wa michirizi kahawia kule Amani. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya kidogo.) Chapisha bango kwenye kitambaa, ulikunje kama kanga. Langu la karatasi lilibanwa na mizigo kwenye buti la basi, na mikunjo yake haikutoka.

Kama kuna mafunzo kabla ya mkutano, yahudhurie, lakini weka programu zote ukiwa nyumbani. Watu 40 wakianza kupakua kitu kimoja kwenye intaneti ya hoteli, asubuhi nzima inaishia kwenye kungoja. Na usikae na mliotoka nao chuo kimoja. Wakati wa chakula nenda meza usiyomjua mtu, taja jina lako na mmea, mdudu au ugonjwa unaoushughulikia. Kiingereza chako kikikwama, sikiliza vizuri: kwenye foleni ya chai utasikia Kiswahili cha Goma, cha Kilifi na cha Kigoma, na maswali magumu ya sayansi yanaulizika humo bila shida.

Ukirudi, usiandike barua pepe ya kushukuru tu. Ndani ya wiki moja tuma kitu: grafu mpya, faili, au swali jingine. Yule dada na mimi tumekuwa tukiandikiana tangu hapo kwa sababu barua yangu ya kwanza ilikuwa na grafu zile tatu zilizojaa.

Na rudi kwa mwenye majani. Nilikwenda Mkuranga mwezi Desemba na picha zilizochapishwa. Mama mwenye shamba lililotoa jani lenye virusi viwili alinisikiliza hadi mwisho, akanichukua hadi mpakani mwa shamba, kwenye mstari wa Kiroba, mbegu ambayo wakulima wengi wa Pwani wanaipenda. Aling'oa shina moja, akakata mzizi kwa panga. Ndani mweupe. "Haya, mwanangu," akasema, "hivyo virusi vyako viwili viko hatua kumi kutoka hapa. Hii mbona haiozi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake kama alivyolisema, na likawa sentensi ya kwanza ya ikisiri niliyotuma Kumasi.