Likizo ya Mshipi na Ndoana: Maswali Yenu

Nafanya kazi Muscat. Likizo yangu ni Julai na nimewaahidi wadogo zangu safari ya Watamu kuvua nduaro. Nipange vipi?

Ndugu yangu, Julai ni kusi. Nje ya mwamba bahari imechafuka, na mashua nyingi za wavuvi wa starehe huwa zimepandishwa ufukweni zitengenezwe. Nduaro (marlin) na mbasi (sailfish), samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, ni wa msimu wa kaskazi, tuseme Novemba hadi Machi. Ukiweza kuisogeza likizo, isogeze.

Usipoweza, wapandishe bara. Mito ya Aberdare na Mlima Kenya ina trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa na walowezi mwaka 1905 na kupandikizwa kwanza katika mto Gura. Julai masika yamekwisha, maji yametulia na kung'aa, na trauti humwona vizuri inzi wa bandia, yaani chambo cha ndoana, unayemrushia. Chukueni masweta mazito. Kateni kibali cha kuvua, na mkiingia ndani ya hifadhi mwende na askari wa wanyamapori, maana tembo na nyati hunywa maji ya mito hiyohiyo.

Nikipanda mashua tu, natapika. Nifanye nini?

Meza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kuondoka, si baada ya tumbo kuanza kuvurugika. Kula kidogo, tafuna tangawizi, keti katikati ya chombo na ukazie macho upeo wa bahari. Usiiname kutazama simu.

Shikamoo mzee. Malindi tulimpata mbasi mkubwa, lakini nahodha akamrudisha majini. Kwetu samaki ni kitoweo. Huku si kuchezea riziki?

Marahaba, mwanangu. Kitoweo kipo: nguru, jodari, kolekole. Hao chukueni wa kuwatosha, mle na majirani. Mbasi na nduaro ni wawindaji wakubwa wa bahari kuu, na wakubwa zaidi kati yao ndio wenye thamani kubwa kwa uzao. Dume la nduaro wa buluu ni nadra kuzidi kilo 160 hivi. Ukiona wa kilo 250 au 300, huyo ni jike, mwenye mamilioni ya mayai tumboni. Kumuua ili apigwe picha gatini akining'inia ni jambo linaloniuma kila ninapoliona.

Yaelekea nahodha wenu alimchoma pia kitambulisho kidogo chenye namba. Akinaswa tena siku moja, hata mbali sana, aliyemnasa akitoa taarifa itajulikana amesafiri wapi na kwa muda gani. Pale Watamu ipo taasisi, African Billfish Foundation, inayokusanya habari hizo.

Ila kurudisha nako kuna namna yake. Samaki aliyeinuliwa, akakumbatiwa dakika tano, kisha akatupwa, huenda akafa chini usikokuona. Asitolewe majini. Ashikwe ubavuni mwa chombo kinachosogea polepole, maji yapite kwenye matamvua, mpaka apige mkia mwenyewe. Muulize nahodha habari hizi kabla hujalipa.

Na haya nawaambia wanaovua kwa starehe. Mvuvi wa ngalawa aliyemleta mbasi au nduaro sokoni ili watoto wake wale, mimi simnyoshei kidole.

Niko Mwanza. Nataka kuwafundisha wanangu, wa miaka 8 na 11, kuvua. Tuanze na sangara?

Hapana, baba. Anzeni na sato. Mshipi mwembamba, ndoana ndogo, nyungunyungu, na subira ya saa moja. Mtoto akiona boya linazama, utasikia kelele zake ng'ambo ya pili. Sangara ana nguvu za kumwangusha mtoto majini. Wakikua, wapeleke Rubondo, hifadhi ya taifa inayoruhusu uvuvi wa kitalii.

Vueni mkiwa gatini au ndani ya mtumbwi imara, kila mtoto na jaketi okozi lake, tangu mnapoondoka hadi mnaporudi. Wasisimame majini kwenye matete: kichocho hukaa humo pamoja na konokono wake, na mamba hujificha humohumo. Uliza kwanza ofisi ya uvuvi ni ghuba zipi zimetengwa kuwa mazalia ya samaki, msitupe ndoana huko. Nendeni alfajiri, ziwa likiwa shwari, na mrudi kabla upepo haujaanza kuamka.